Laini ya Migori

Homa Bay,
Jumamosi alasiri.

Mwanangu Adhiambo,

Sitakuuliza hali, maana asubuhi hii nimekusikia ukikohoa jikoni kwa sababu ya kuni mbichi. Wala sitakuambia kwamba mimi ni mzima, maana umeniona mwenyewe nikizunguka nyumba nzima kutafuta miwani niliyokuwa nimeivaa. Sasa umekwenda kumuaga nyanya yako ng'ambo ya soko, na ninavyomjua, hatakuachilia kabla hujamaliza samaki mzima na kusikiliza habari za majirani wote. Kwa hiyo nina muda. Nimefunga mlango, nimemwambia jirani kwamba naumwa kichwa, nami naandika.

Mambo ya sabuni, blanketi, na kutokula chakula cha watu usiowajua ndani ya treni, mama yako mdogo Wankuru amekwisha kukuambia, tena kwa sauti iliyosikika hadi kwa askari wa boma. Siongezi kitu. Ukifika Nairobi utaona mwenyewe kama maji ya kuoga ni baridi.

Huenda ukashangaa kwamba nakuandikia barua na tunalala nyumba moja. Lakini wewe unanijua. Nikikaa mbele yako nitaanza kuzungumza juu ya kufuli la sanduku lako, na kufuli likiisha nitazungumza juu ya mvua, na mvua ikiisha nitaenda kulala. Miaka yote nimekaa pale posta nikiunganisha sauti za watu wengine, na nadhani kazi ile imenimalizia yangu. Kwenye karatasi angalau siwezi kujifanya laini imekatika.

Jambo lenyewe nimelipata kwa Wankuru alipofika wiki hii na gunia lake la wimbi. Wewe ulikuwa umekwenda kisimani. Alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko akichambua mawe kwenye ungo, na bila kuinua macho akaniambia, "Shemeji, huyu mtoto haendi."

Nikamwambia anaenda, tiketi ya meli hadi Kisumu iko, sanduku liko, hata viatu viko.

"Atafika kwenye meli, atarudi," akasema. "Kama mwaka jana tu. Wewe unajua kwa nini mwaka jana alikataa?"

Nikasema aliogopa Nairobi. Wankuru akaacha kuchambua. Akanitazama vile Wakuria wanavyomtazama mtu waliyekwisha kumhesabu kuwa mjinga lakini ni wa ukoo. Kisha akaniambia maneno ambayo ulimwambia wewe, akasema ulimwambia ukilia, na kwamba ulimwapisha asinifikishie. Usimkasirikie. Alisema hivi: "Anasema yeye ndiye alifanya mama yake akufe peke yake. Anasema siku ile ulikuwa unangoja aseme kitu kwa simu, akashindwa, na wewe ukaachwa na basi. Sasa anakulipa kwa kukupikia."

Niliingia ndani nikajifanya natafuta kitu. Nililia, Adhiambo, mtu mzima mwenye mvi. Uliporudi na maji ukaniuliza kama nimekula.

Mwaka jana nafasi yako ya kusomea unesi ilipofika, ulisema utaenda mwaka ujao. Ulisema kifua changu hakijapona, na sukuma wiki haijakomaa, na nyanya amekuwa mzee. Nilikubali haraka sana. Nilifurahi, tena nilikwenda kazini nikiimba. Ni mtu gani asiyependa kurudi nyumbani akakuta taa imewashwa na chakula kiko mezani? Sikujiuliza kwa nini msichana mwenye akili kama zako anataka kuzeeka na baba yake. Sasa najua, na lazima nikueleze siku ile ilivyokuwa upande wangu wa waya, maana wewe umeijua upande wako tu.

Nianzie kazini. Nilipopelekwa Kisumu kujifunza ubao wa simu, mwalimu wetu alikuwa bibi wa Kizungu mwenye subira nyingi, na Kiingereza cha kwanza alichotufundisha hakikuwa salamu. Kilikuwa "hold on". Mtu akiomba Kisumu na Kisumu ina watu, humwambii kaa, humwambii rudi kesho. Unamwambia hold on, yaani usiweke simu chini, kwa sauti ya upole. Na ukishamwambia hivyo, humkati. Hata ubao mzima ukilia, hata nani aje apige mlango, aliyeambiwa hold on hakatwi mpaka yeye mwenyewe aweke simu chini au wewe umpe anayemtaka. Bibi yule aliturudishia jambo hilo mpaka tukawa tunaliota. Sisi vijana wa Kijaluo, Kiluhya na Kikisii, tuliondoka pale tukiwa na maneno hayo mawili kama kiapo cha jeshi.

Baadaye niligundua kwamba Wazungu wenyewe wanayatumia ovyo ovyo. Dereva wa Land Rover ya boma alinipakia siku moja kwenda kutazama nguzo zilizoanguka, tukafika mto Kuja umefurika, akapiga kelele hold on huku tunaingia majini. Pale maana yake ni jishike, tunaruka. Karani wa mahakama, mtu wa mabishano, akiona umemshinda anakuinulia kidole, hold on, yaani hebu ngoja, hapo hatujakubaliana. Mkata tiketi wa meli anakuambia hold on to it, yaani tiketi hiyo usiitupe, utaulizwa mbele. Na mgonjwa akiwa mahututi lakini bado anapumua, wanasema anahold on.

Haya yote unayajua. Nilikufundisha mwenyewe ulipokuwa kidato cha kwanza na mwalimu wenu akawapa vitenzi vya namna hiyo mkavitafutie mifano. Unakumbuka nilivyoshika meza kwa mikono miwili nikijifanya niko ndani ya Land Rover? Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Nami nikavimba kichwa, mzee wa darasa la sita anamfundisha msichana wa sekondari. Kisha nikafika kwenye simu. Nikasema hii ndiyo yangu, hii ndiyo inayokulipia shule, hebu nipe mfano wa hii. Ukainuka ukasema unakwenda kutazama sufuria. Hakukuwa na sufuria motoni. Tulikuwa tumekwisha kula na wewe mwenyewe ulikuwa umeosha vyombo. Nikakaa pale nikiona umechoka, nikafunika wino. Nalipwa mshahara kwa kusikia, na sikusikia.

Sasa nifike kwa mama yako.

Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki jinsi watu walivyotucheka. Mimi Mjaluo wa ziwani, Robi Mkuria wa Kehancha. Kijaluo chake kilikuwa cha sokoni na Kikuria changu kilikuwa aibu tupu, basi tukajenga nyumba ya Kiswahili. Ndugu zangu walikuwa wakiingia kwetu wanasema wamefika Mombasa. Mama yako hakujali. Alijifunza mambo ya ofisini kwangu kwa kuniigiza. Chakula kikiiva alikuwa anasimama mlangoni, anaweka mkono sikioni, anasema, "Halo, Homa Bay. Ugali uko kwenye laini." Nikichelewa anasema laini imekatika na anampa jirani. Nimekaa na watu wengi tangu wakati huo, sijacheka tena hivyo.

Alikwenda nawe kwao likizo ile ili kuwasaidia kuvuna wimbi. Uliona mwenyewe homa ilivyomshika, na jinsi wajomba zako walivyomleta kwa machela hadi barabarani, kisha hospitalini Migori. Mimi nilikuwa peke yangu kwenye ubao. Mwenzangu alikuwa likizo. Posta masta wetu, yule Mgoa, Mhindi wa Goa, alikuwa ameandika Kisumu aletewe mtu wa kunishikia zamu, akaniambia atafika wakati wowote. Kwa hiyo nikangoja. Kila asubuhi nilikuwa naomba Migori, napata hospitali, na sista wa Kizungu ananiambia she is holding on. Nami nikaridhika. Nilikuwa nimesikia, na nikadhani kusikia ni sawa na kufika.

Nyanya yako alikuja hadi dirishani posta, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada. Aliniuliza kwa Kijaluo kama siku hizi mke anauguzwa kwa waya. Nilikasirika. Nilimweleza mama yangu mzazi, mbele ya watu waliokuja kununua stempu, maana ya kazi ya serikali na maana ya mtu wa zamu. Alifunga leso yake vizuri akaondoka. Ningekwenda siku ile ningemkuta Robi akiwa macho na tungeongea. Hilo nalijua, na sina mtu wa kumsingizia, wala Kisumu, wala Mgoa, ambaye kwa kweli angeniruhusu kama ningemwomba kama mtu na si kama opereta.

Wewe unakwenda kuwa upande ule wa pili, wa masista. Waume watakupigia simu wakuulize mgonjwa anaendeleaje. Nakuomba kitu kimoja. Hata kama anaendelea vizuri, waambie waje.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Basi la kwenda Migori kupitia Rongo na Awendo lilikuwa linaondoka sokoni kabla ya saa sita, na honi yake tulikuwa tunaisikia pale ofisini. Kile kifuniko kidogo cha Migori kwenye ubao kikaanguka, ishara kwamba wanaita. Nikachomeka kamba. Alikuwa sista yule yule, na aliponitaja kwa jina langu badala ya kusema Homa Bay, nilijua.

Aliniambia kwamba Robi amefariki asubuhi ile, kabla hawajagawa uji. Alilala usiku, akapumua polepole, akaacha. Hakuita mtu. Aliniambia vizuri, bila kuzunguka, na nimemshukuru moyoni tangu siku ile kwa kutoanza na habari za mvua. Kisha akasema mtoto yuko nje kwenye benchi, hajaambiwa. Wankuru alikuwa amerudi nyumbani kuchukua nguo safi. Sista akasema Kiswahili chake ni kibovu, na kwamba jambo kama lile ni heri mtoto alisikie kwa baba yake. Akasema hold on, namleta.

Simama hapo usome tena, Adhiambo. Mama yako alikuwa amekwisha kufa kabla hujaishika ile simu. Hakuna neno ulilokosa kusema ambalo lingenifikisha kwake. Ulikuwa hujaitwa bado, na yeye alikuwa amekwisha kwenda.

Nikasikia simu ikigonga meza, nikasikia mlio wa chombo kikihamishwa, na halafu nikakusikia ukipumua. Laini ya Migori naijua sauti zake zote. Najua upepo ukiitikisa, najua mvua ikiingia kwenye nguzo za Rongo. Ile haikuwa mvua. Nilijua ni wewe kama ninavyojua hatua zako uani. Nikafungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo kwa Kiswahili, kwa Kijaluo na kwa Kiingereza, nimewahi kuyapitisha maneno hayo kutoka kwa watu kwenda kwa watu mara nyingi kuliko padri. Hayakutoka. Kilichotoka ni hold on. Nilikuambia wewe hold on, mtoto ambaye Kiingereza chako wakati ule kilikuwa yes na goodi moningi. Nikasema tena. Nikasema hold on, mama, hold on. Kisha nikanyamaza na wewe ukanyamaza.

Wewe ulidhani nakungoja wewe. Hapana. Nilikuwa najingoja mimi.

Vifuniko vilianza kuanguka kwenye ubao mmoja baada ya mwingine, sikuvigusa. Laini ya Migori ilikuwa moja tu kwa wilaya nzima, na boma wakaitaka. Karani wao akaja akigonga mlango, akasema Bwana DC anangoja. Nikamwambia ina mtu. Akasema mtu gani, sisikii mtu akiongea. Posta masta akaja nyuma yake, akaniangalia usoni, akamshika yule karani mkono akamtoa nje. Halafu nikasikia honi ya basi sokoni, na nikalisikia likipanda kilima likaenda. Nilikuwa nangoja kwanza niweze kulibeba jambo lile, ndipo nisimame. Basi lile lisingeniwahisha kwa Robi. Lingeniwahisha kwako, uwe na mtu wako jioni ile. Hilo ndilo kosa la basi, na ni langu.

Jambo lililo baya kuliko basi ni hili. Sista alirudi akakutoa simu mkononi, akaniuliza kama nimekwisha kukuambia. Nikasema yes.

Nilisema yes, Adhiambo. Akanipa pole, akasema mtoto wangu ni jasiri, hajalia hata kidogo. Nikavuta kamba. Akakurudisha kwenye benchi na kikombe cha chai, akaenda kwa wagonjwa wengine akijua kwamba unajua. Nawe ukakaa pale mchana kutwa ukidhani mama yako amelala ndani ya mlango ule. Wankuru aliporudi jioni na kanga safi na kibuyu cha uji, akaambiwa mlangoni, kilio chake ndicho kilichokuambia. Kwa hiyo kichwani mwako mama yako alikufa jioni ile, wewe ukiwa nje umekaa, na baba yako akiwa Homa Bay kwa sababu wewe ulikuwa bubu. Umehesabu hivyo tangu utoto. Na hesabu hiyo ni mimi niliyekupa, kwa neno moja la Kiingereza.

Nilifika kesho yake kwa lori la Mhindi wa duka la Rongo, nimelowa. Ulikuja ukachukua begi langu, ukaniuliza kama nimekula. Mtoto wa miaka ile. Tangu hapo hujaacha kuniuliza kama nimekula, na mimi mjinga nilikuwa nawasifia watu malezi yako. Nilikuwa nasema Robi aliniachia mtu mzima.

Ungeniuliza kwa nini sikukueleza mapema, ningekuwa na majibu mengi na yote ni mabovu. Kwanza ulikuwa mdogo. Halafu ulikuwa na mitihani. Halafu nikasema umesahau, maana ndivyo sisi wakubwa tunavyopenda kusema juu ya watoto, wamesahau. Kusema kweli nilikuwa naogopa sura yako. Kila nikifikiria kusema, nilikuwa nakuona umesimama kwenye korido ile na chombo kikubwa cheusi sikioni, ukingoja, na nilikuwa naona haya kama mtu aliyekuta mlango wa choo umefunguka.

Miaka hii yote nimeendelea kukaa kwenye ubao ule ule. Ninachokijua siku hizi ni kidogo lakini nitakupa. Watu wenye habari mbaya huanza na mvua. Mtu akipiga simu kutoka mbali akauliza kwanza kama huko kumenyesha, mimi huvua chombo masikioni, maana najua kinachofuata na si changu. Wewe ukiwa na habari ya namna hiyo kwa mtu, na katika kazi yako utakuwa nayo mara nyingi, usianze na mvua. Mtaje kwa jina, mwambie, kisha ukae naye. Na usiulize mtu mwingine kama amekwisha kumwambia. Hakikisha mwenyewe kwa macho yako.

Najua swali lako la pili, nitakula nini. Nitakula nitakachopika. Kitaungua, na nyanya yako atapata jambo jipya la kuwasimulia majirani. Kifua changu kimekuwa hivi tangu nikiwa kijana, hakijaniua, na kama kitaniua hakitakungoja wewe umalize kuosha sufuria. Sitakudanganya kwamba nitakuwa sawa. Nyumba hii itanishinda jioni. Nitawasha taa mwenyewe na nitakaa nikitazama kiti chako, na kuna siku nitaweka sahani mbili. Nitahuzunika sana, mwanangu, na naandika hivyo wazi kwa sababu nimekwisha kuona kinachotokea nikificha. Lakini huzuni hiyo ni ya kwangu na ya Robi. Hukuileta wewe, na kukaa kwako hapa hakuiondoi. Mwaka huu mzima uliokaa haikuondoka, ila ilikuwa na mtu wa kuipikia.

Barua hii sitakupa gatini kesho, nikukabidhi nikimbie watu wakitazama. Nitakupa leo ukishakula, na nitaketi pale pale mezani mpaka uimalize. Ukitaka kunitukana, nitukane. Ukitaka kunyamaza, tutanyamaza, lakini safari hii nitakuwa nakuona. Na kama una la kuniuliza, niulize, nitajibu kwa Kiswahili cha nyumba yetu.

Nimejaribu pia kukumbuka ni maneno mangapi yale yaliyonishinda. Nimeyasema kwa sauti hapa ndani peke yangu, mara ya kwanza maishani mwangu, jirani asikie akitaka. Yalikuwa haya:

Adhiambo, ni baba. Mama amekufa. Amekufa leo asubuhi akiwa amelala, na hakuna aliyemkosea, wala wewe. Lia, mama, niko hapa nasikia. Ukiweza mwambie sista akupe chai, ukae kwenye benchi usiende popote, mimi nakuja na basi la leo.

Ni hayo tu. Nilipaswa kukuambia ukiwa mtoto, nimekuambia leo ukiwa mtu mzima, na sina njia nyingine ya kuyachelewesha tena.

Kesho panda meli.

Ni mimi,
Baba yako.